Kutoka Ukuta wa Jimu Hadi Mawe ya Lukenya

Kijana wa jijini aliyezoea kukwea ukuta wa jimu bila kamba akifika Lukenya, kilima kilichoko karibu na Athi River, hushangaa. Jiwe halina vishikio vya rangi. Atafute mwenyewe pa kushika.

Hilo atalizoea. Jambo kubwa ni kushuka. Kwenye jimu godoro limetandazwa chini kote, na mtu huruka apendavyo. Huku godoro ni lile mlilobeba mgongoni, na kando yake kuna mawe na mizizi. Kabla hujapanda, lizunguke jiwe uone njia ya kuteremkia. Usipoiona, achana nalo, hata wenzako wakikucheka (nao watakucheka).

Mmoja asimame nyuma yako, mikono juu. Kazi yake si kukudaka kama mpira, bali kukuelekeza uangukie godoroni, kichwa na mgongo visiguse jiwe. Anza na mawe ambayo ukisimama chini unafikia juu kwa mkono, hata kama mjini wewe ni bingwa. Mvua ikinyesha, subirini jiwe likauke. Tena chungulia ufa kabla ya kutia vidole. Nyuki nao hupenda kukaa humo.