Taa Haina Kosa

Wapo watu wanaotusifia mtambo unaotambua nyuso kwa mwangwi, nao wanausifu kama dawa ya ubaguzi. Popo, wanatuambia, hahitaji mwanga. Spallanzani wa Italia alikwisha kulionyesha hilo katika miaka ya 1790. Mtambo nao hutoa sauti nyembamba isiyosikika kwa masikio yetu, kisha husikiliza inavyorudi kutoka puani, mashavuni na kidevuni. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, Marekani, waliunganisha mwangwi wa namna hiyo na kamera ndani ya simu ya mkononi. Basi, wanahitimisha, kwa kuwa sauti haijui rangi, mtu mweusi hataonewa tena.

Hapo napinga.

Mwaka huohuo Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu zinazobashiri jinsia ya mtu kwa picha yake. Moja iliwakosea wanawake weusi 34.7 kwa mia. Kwa wanaume weupe, hakuna iliyofikisha kosa moja kwa mia. Wakaonyesha pia kwamba katika mkusanyo mmoja wa picha zilizokuwa zikitumika kupimia kazi hiyo, 86.2 kwa mia walikuwa weupe. Huo ni mtihani uliotungwa kwa ajili ya dawati la mbele!

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilimkagua mwanachuo mmoja katika mazoezi ya kufundisha. Wiki ya tano, aliwajua kwa majina watoto wa mbele tu. Alijitetea kwamba nyuma kuna giza. Nikamjibu: "Taa haina kosa, mwalimu. Wewe hujafika kule nyuma."

Jibu langu kwa mafundi wa mwangwi ni hilohilo. Sauti haisomi rangi, lakini inasoma umbo. Na pua zetu, mashavu yetu, hata mtandio unaofyonza sauti, si vya namna moja. Mtambo uliofunzwa kwa nyuso za wachache utatukosea gizani kama ulivyotukosea mchana, tena bila sisi kusikia kitu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, atakayekuja kuuweka mtambo huo mlangoni pa benki au pa shule, usimuulize unaona kwa nini. Muulize umefundishwa kwa nyuso za nani, na nani aliusahihishia mtihani. Akikosa jibu, afungashe arudi nao.