Mgonjwa Asiye na Jina

Mtaani Vuga, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, lipo jengo la sinema liitwalo Majestic, lililojengwa miaka ya 1950 baada ya sinema iliyotangulia mahali hapo kuteketea kwa moto. Jina hilohilo limebebwa na filamu ya Marekani ya mwaka 2001, The Majestic, iliyoongozwa na Frank Darabont. Ndani yake Jim Carrey anaigiza Peter Appleton, mwandishi wa filamu ambaye mwaka 1951 anatuhumiwa kuwa mkomunisti na kunyimwa kazi. Gari lake linatumbukia mtoni, anaumia kichwa, na anapozinduka hajui yeye ni nani. Watu wa mji mdogo wanamfananisha na Luke, kijana wao aliyepotelea vitani, na baba wa Luke, mwenye sinema, anampokea kama mwanawe.

Hadithi hiyo inagusa moyo, ila utabibu wake ni wa kisinema. Aliyeumia kichwa kwa kawaida husahau kipindi cha kabla ya ajali na hushindwa kuhifadhi mambo mapya kwa saa au siku kadhaa. Huuliza swali lilelile kila baada ya dakika chache. Jina lake na la mama yake ni miongoni mwa yanayodumu. Kusahau nafsi nzima, huku mtu akizungumza na kujifunza vizuri, ni nadra, na mara nyingi hutokana na mshtuko mzito wa nafsi. Kwa hiyo mgonjwa asiyeweza kujitaja asichukuliwe kuwa kioja. Apimwe sukari na malaria. Ichunguzwe kama ana kifafa, homa ya uti wa mgongo au damu inayovuja ndani ya fuvu.

Kosa la pili la mji ule ni haraka ya kumpa mtu jina. Haraka hiyo haikosekani Unguja. Majeruhi wa pikipiki hufikishwa hospitalini uso umevimba, na jamaa waliokesha wakimtafuta ndugu yao huona wanachokitamani. Aliyechanganyikiwa akiulizwa, "Wewe ndiye Ali?" huenda akaitikia. Aulizwe, "Unaitwa nani?" Akishindwa, apewe namba na mkanda wa mkononi, alama za mwili na mavazi yake yaandikwe, masheha waulizwe, na jamaa waeleze alama za ndugu yao kabla ya kuoneshwa mgonjwa. Huo si ukatili kwa wenye majonzi. Faili la mtu mwingine huleta damu ya kundi lisilolingana au dawa inayomdhuru, na pengine familia humzika asiye wao huku wao wakimlilia aliye hai.

Liko jambo la tatu, zito zaidi. Appleton alihukumiwa kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye orodha. Zanzibar nayo inaijua hofu hiyo: baada ya kuuawa kwa Mzee Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, wengi walikamatwa, akiwamo mwandishi Adam Shafi, aliyeandika baadaye riwaya ya Haini. Ubongo uliojeruhiwa huweza kuziba mapengo ya kumbukumbu kwa visa visivyotokea, na msemaji akaviamini kabisa. Maneno ya mgonjwa wa namna hiyo hayawezi kuwa ungamo. Anayeyapeleka barazani, au kumnong'onezea mtu aliyekuja kuuliza habari, anamsaliti mtu asiyeweza kujitetea, na anawafundisha wengine kuiogopa hospitali.

Mgonjwa na jamaa zake wana haki ya kudai siri hiyo, na pia wana wajibu: kubeba kitambulisho safarini, na kumwandikia mzee anayeanza kusahau namba ya simu ya nyumbani. Mhudumu naye astahimili kutojua kwa siku mbili tatu. Mtu asiye na jina bado ana mapigo ya moyo, ana maumivu na ana heshima, na vyote hivyo vinaweza kuhudumiwa kabla jina halijapatikana.