Masta: kwa mwanafunzi wa Goma, mji unachaguliwa kabla ya chuo

Mwezi wa 10 unapofika, vijana waliomaliza lisansi katika vyuo vikuu vya Kivu huanza kukusanya karatasi: diploma, karatasi za pointi, pasipoti, barua za walimu wawili na barua ya kueleza kwa nini wanataka kuendelea na masomo. Tangu mwisho wa Januari 2025, mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, kazi hiyo imebadilika sura. Uwanja wa ndege ulifungwa, benki nazo zikafunga milango. Bukavu ilifuata katikati ya Februari. Zamani kijana alianza kwa kuuliza ni chuo gani kinafundisha vizuri. Leo anaanza kwa kuuliza ni mji gani anaweza kuufikia, na akishafika ataishi kwa pesa gani.

Miji inayotajwa zaidi ni Kinshasa, Kampala na, kwa wachache, miji ya Ufaransa. Kila mmoja una mlango wake na mtego wake. Lakini kabla ya mji wowote kuna tatizo moja ambalo Wakongomani wote wanabeba mfukoni, nalo ni diploma yenyewe.

Lisansi moja, maana mbili

Kwa miongo mingi Kongo ilikuwa na gradua ya miaka 3, kisha lisansi ya miaka 2. Aliyemaliza alikuwa na miaka 5 ya chuo kikuu. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 ilifungua njia ya mfumo wa LMD, na kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, wakati wa waziri Muhindo Nzangi, mfumo huo ulisukumwa katika vyuo vyote. Sasa lisansi ni miaka 3 na krediti 180, masta ni miaka 2 na krediti 120, doktora inafuata.

Mabadiliko yenyewe yana faida, kwa sababu yanaweka Kongo kwenye hesabu moja na nchi nyingi. Ubaya ni kwamba neno halikubadilika. Mtu aliyemaliza mwaka 2019 ana lisansi ya miaka 5. Mdogo wake aliyeanza mwaka 2021 ana lisansi ya miaka 3. Diploma zote mbili zina jina lilelile, na karani wa Kampala anayefungua dosie hawezi kujua tofauti kwa kuangalia jina.

Nchini Uganda, shahada ya kwanza katika fani nyingi huchukua miaka 3. Kwa hiyo lisansi ya zamani inasomwa kama shahada ya kwanza tu, na mwenye nayo anaanza masta kutoka mwanzo, kana kwamba ile miaka 2 ya juu hakuisoma. Ufaransa anaweza kupata bahati zaidi, maana huko wanahesabu miaka baada ya diploma ya serikali, lakini kila chuo kinaamua chenyewe, na karatasi ya ulinganisho ya ofisi ya ENIC-NARIC ni maoni ya wataalamu. Haimlazimishi mtu kumpokea mwanafunzi.

Dawa iliyopo ni ndogo lakini inasaidia: barua ya apariteri au ya sekreteri jenerali akademiki, ikisema wazi kwamba diploma ni ya mfumo wa zamani, ni ya miaka mingapi, na ilikuwa na saa ngapi za masomo. Barua hiyo haiko kwenye orodha ya karatasi ambazo vyuo vya nje huomba, na kwa sababu hiyo wengi hawaifikirii. Dosie inarudi, mwaka unapita.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ingeweza kulimaliza jambo hili. Tangu mwaka 2017 viongozi wake walitangaza eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la vyuo vikuu la Jumuiya, lenye makao Kampala, ndilo linalosimamia ulinganisho wa shahada. Lakini Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022 tu. Vipimo viliandikwa wakati yeye hakuwa mezani, na vilifuata zaidi desturi ya nchi zinazosoma kwa Kiingereza.

Kinshasa: hakuna viza, lakini kuna garanti

Kwa mtu anayesoma kwa Kifaransa, Kinshasa ndiyo njia fupi. Hakuna viza, hakuna tafsiri ya diploma, na kuna shule za masta zinazoheshimika hadi nje ya nchi, kama ERAIFT, inayofundisha utunzaji wa misitu na maeneo ya tropiki tangu 1999, au Shule ya afya ya umma ya UNIKIN. Kufika ndiyo taabu ya kwanza, kwa sababu bila ndege ya Goma mtu anazunguka kupitia nchi jirani au anatafuta ndege katika mji mwingine wa mashariki, na nauli inakula akiba ya miezi.

Taabu ya pili inaitwa garanti. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu nyumba za kupanga inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi 3. Wenye nyumba wengi wa Kinshasa wanaomba zaidi, mara nyingi miezi 6 na hata 10. Hesabu ni rahisi. Kwa chumba cha dola 50 kwa mwezi, sheria inataka dola 150. Mwenye nyumba akitaka miezi 10, ni dola 500 mkononi kabla ya kununua godoro, na bado hujalipa mwezi wa kwanza wala komisioni ya yule aliyekuonyesha chumba. Mwanafunzi mgeni hana nguvu ya kubishana. Akitaja sheria, chumba kinapewa mwingine jioni ileile.

Homu za chuo zipo juu ya kilima cha Mont Amba, katika komini ya Lemba, lakini vitanda ni vichache kuliko watu. Anayebahatika asisahau Januari 2020: baada ya maandamano ya kupinga kupanda kwa minervali, serikali ilisimamisha masomo na kuwatoa wakaaji wote wa homu. Waliotoka mikoani walijikuta barabarani na masanduku yao. Kwa mtu wa Goma, ambaye hawezi kurudi nyumbani wiki ileile, tukio kama hilo ni sababu tosha ya kutafuta jina la ndugu mmoja Lemba au Ngaba kabla ya kupanda ndege.

Kuna pia mji wenyewe. Mvua za Aprili 2025 zilipofurisha mto Ndjili, barabara ya kwenda uwanja wa ndege ilikatika na watu walikufa. Siku za kawaida, foleni ya magari inatosha kumchelewesha mtu saa 2. Anayepanga mbali kwa sababu ya bei nafuu analipa tofauti hiyo kwa teksi na wewa, na Lingala atajifunza akitaka asitake.

Kampala: karibu kwa barabara, mbali kwa lugha

Kampala inafikika kwa basi, na hilo kwa sasa ni jambo kubwa. Kuna njia ya Gisenyi, Kigali na Gatuna. Kuna ya Bunagana, mpaka uliokwama tangu Juni 2022 na ambao Uganda iliufungua tena Julai 2025. Watu wa Beni na Butembo wanapita Kasindi. Tangu Januari 2024, Uganda na Kongo ziliondoleana malipo ya viza.

Hapa wengi wanakosea. Kuingia bila kulipa viza si ruhusa ya kusoma. Mwanafunzi anahitaji kibali chake kutoka idara ya uhamiaji, na kibali hicho kinaombwa baada ya barua ya kupokelewa. Pia vyuo vya umma hutenganisha bei ya wananchi na bei ya wageni. Swali la kuuliza, kwa maandishi na kabla ya kutuma pesa, ni kama kwenye orodha yao Mkongomani anahesabiwa na watu wa Jumuiya au na wageni wengine. Jibu la mdomo la karani halitasaidia siku ya kulipa.

Diploma ya Kifaransa itatafsiriwa kwa Kiingereza na mtafsiri anayetambulika, na Baraza la taifa la elimu ya juu la Uganda ndilo linalopima shahada za nje. Kazi hizo mbili zinachukua wiki, wakati mwingine miezi. Makerere huanza mwaka wa masomo mwezi wa 8. Anayesubiri diploma yake itoke Kongo mwezi wa 7 amekwisha kuchelewa.

Maisha yenyewe yanapangika. Kuzunguka Makerere, katika Wandegeya na Kikoni, hosteli hulipwa kwa muhula, si kwa mwezi, kwa hiyo pesa nyingi hutoka mara mbili kwa mwaka na si kidogo kidogo. Chumba cha mtaani ni nafuu, ila mwenye nyumba mara nyingi anataka miezi 3 mbele. Baadhi ya masomo ya masta hufundishwa jioni kwa ajili ya wafanyakazi: anayekaa mbali aweke boda ya usiku kwenye bajeti, na ajiulize kama njia ya kwake ni salama saa 3 usiku. Kwa Wakongomani kuna faraja ya Katwe, Makindye na Nsambya, ambako wenzao ni wengi, makanisa yanaimba Kiswahili cha nyumbani na sombe inapatikana. Lakini Kiswahili hicho hakiingii darasani. Kurasa 40 za Kiingereza kwa wiki ni mzigo ambao mtu aliyesoma maisha yote kwa Kifaransa anapaswa kuanza kuubeba miezi 6 kabla ya kusafiri.

Ufaransa: karatasi za benki iliyofungwa

Njia ya Ufaransa inapita kwenye mfumo wa Campus France, unaofunguliwa Oktoba na kwa maombi mengi hufungwa katikati ya Desemba. Mwombaji wa viza aonyeshe euro 615 kwa mwezi, yaani 7.380 kwa mwaka. Minervali ya masta kwa wasio wa Umoja wa Ulaya ilikuwa euro 3.941 mwaka 2025-2026, dhidi ya 254 kwa wengine, ingawa vyuo kadhaa husamehe tofauti hiyo kwa wanafunzi fulani. Katika mswada wa bajeti ya 2026, serikali ya Paris ilipendekeza pia kuwaondolea wanafunzi wa nje ya Ulaya wasio na bursa msaada wa kodi ya nyumba, msaada ambao wengi waliuweka kwenye hesabu zao.

Kwa mtu wa Goma, kiasi hicho ni sehemu tu ya shida. Ubalozi unataka kuona pesa imekaa wapi na imetoka wapi. Baba ambaye akaunti yake iko kwenye tawi lililofungwa, anayeishi kwa pesa ya simu na kwa wakala anayekata chake kila mara, atatoa wapi karatasi ya miezi iliyopita? Wengine wanatafuta ndugu wa Ulaya awe mdhamini. Wasio na ndugu huyo wanasimama hapo.

Kisha inabaki safari ya Kinshasa, kwa ajili ya viza na kwa ajili ya mihuri, kwa sababu karatasi zinazotolewa Goma au Bukavu bado zinaombewa uthibitisho wa wizara kwenye mji mkuu. Wanaotuma dosie mwaka huu wanatuma nakala kwa simu, wanamkabidhi msafiri karatasi za asili ndani ya bahasha ya plastiki, na wanasubiri apige simu kusema kama amevuka mpaka.