Chuma Kingi Si Kinga

Fremu inayomzunguka opereta wa buldoza imeundwa ili ipinde. Mashine ikilala ubavu au ikibiringika, nguzo zake hujikunja kwa kiasi kilichokadiriwa kiwandani, humeza nguvu ya pigo, kisha hukoma kabla ya kumfikia aliyeketi. Karakana nyingi za Afrika Mashariki, kuanzia Walukuba mjini Jinja, Uganda, hadi Mbale na kwingineko, zina imani tofauti: kwamba fremu hiyo ni paa tu lenye miguu minene, kwamba mchomeleaji hodari anaweza kuikata, kuitoboa na kuiongezea apendavyo, na kwamba kila kipande cha chuma kinachoongezwa ni usalama uliozidi. Imani hiyo ni ya uongo, na inaua kwa urahisi kwa kuwa inasikika kama busara.

Chimbuko lake linaeleweka. Bwawa la Owen Falls la Jinja lilipokuwa likijengwa, hadi kufunguliwa kwake mwaka 1954, buldoza kwa kawaida zilitoka kiwandani bila kinga yoyote ya kupinduka. Opereta mwenye bahati alikuwa na kipaa cha kuzuia jua na mvua. Jinja ya miaka hiyo, yenye viwanda vya nguo na tanuri la shaba lililoanza mwaka 1956, ilivuta mafundi kutoka Busoga, Bugisu, Samia na ng'ambo ya mpaka wa Kenya, na mtaa wa wafanyakazi wa Walukuba ukawa mahali ambapo watu hao walielewana kwa Kiswahili. Fundi aliyejifunza kazi zama hizo alikuwa na haki ya kuliita paa kuwa ni paa. Sweden ilianza kudai kinga kwenye matrekta mapya mwaka 1959. Marekani ililazimisha mashine za ujenzi zilizotengenezwa kuanzia tarehe 1 Septemba 1972 ziwe na kinga hiyo. Mashine zikabadilika, lakini mazoea ya karakana hayakubadilika nazo.

Kiwango kinachotumika zaidi duniani kwa fremu hizi ni ISO 3471, na kinachopimwa humo si unene wa bomba. Fremu hufungwa kwenye chasisi, husukumwa polepole kwa jeki kutoka ubavuni, kisha hukandamizwa kutoka juu, halafu husukumwa kutoka mbele au nyuma. Ni fremu ileile moja, bila kunyooshwa katikati. Ndani yake huwekwa umbo lenye vipimo vya opereta wa mwili mkubwa aliyeketi na kufunga mkanda. Fremu ikiliingilia umbo hilo kabla ya kufikisha nguvu na nishati iliyowekwa, imefeli. Ikifaulu, nayo hutupwa, kwa sababu kipimo chenyewe huimaliza. Kwa hiyo fundi anayegonga nguzo kwa nyundo na kusikiliza mlio hajapima kitu. Yule anayefunga mnyororo kwenye paa na kuinua mashine nzima kuonyesha uimara wake naye hajapima kitu, tena huenda ameshaiharibu.

Hesabu za kiwango hicho ndizo zinazoivunja imani ya chuma kingi. Buldoza yenye tani 20 inahitaji fremu inayostahimili msukumo wa ubavuni wa takriban niutoni 161,000, yaani kama uzito wa tani 16.4, na kumeza nishati ya takriban jouli 31,000, ambayo ni sawa na ya mzigo wa tani moja ulioangushwa kutoka zaidi kidogo ya mita tatu. Kutoka juu lazima ibebe uzito wa mashine mara mbili, tani 40. Sasa mashine hiyo ifungwe ripa nyuma, winchi, bamba zito zaidi mbele na wavu wa chuma juu ya boneti, ifike tani 24. Uzito umepanda kwa asilimia 20. Nishati inayotakiwa kumezwa imepanda kwa takriban asilimia 26, ikakaribia jouli 39,000, na mzigo wa juu umefika tani 48. Hakuna aliyeigusa fremu hata kwa brashi ya rangi, ila imekwisha kuwa dhaifu kwa mashine iliyoibeba. Ndiyo maana kila fremu halali ina kibati kinachotaja mtengenezaji, aina ya mashine na uzito wa juu kabisa ambao fremu hiyo inaruhusiwa kuulinda. Kibati hicho ndicho kitu cha kwanza kupakwa rangi au kubanduliwa wakati wa ukarabati.

Mahali uzito unapowekwa pana jambo lake pia. Tangi la maji, gurudumu la akiba au sanduku la vipuri likipandishwa juu ya paa, kitovu cha uzito hupanda nalo, na mashine hupinduka kwenye mteremko ambao jana iliupita salama. Hapo fundi amedhoofisha kinga na kukaribisha ajali kwa mkono mmoja.

Chuma chenyewe nacho si chuma tu. ISO 3471 inataka chuma cha fremu kivumilie pigo la ghafla kikiwa kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Wajuaji hucheka hapo, maana Jinja haijaiona baridi hiyo wala haitaiona. Lakini sharti hilo ni njia ya kuchuja vyuma vinavyokatika kama chaki vinapopigwa badala ya kunyumbuka. Springi za lori, zinazosifiwa sana kwa ugumu wake, zina kaboni nyingi. Zikichomelewa na kupoa haraka, sehemu iliyo kando ya mshono huwa tayari kupasuka. Nondo na engo za kuokoteza kwenye skrepa hazina historia inayojulikana. Ugumu na uvumilivu ni sifa mbili tofauti, na mara nyingi moja ikizidi nyingine hupungua.

Joto la kuchomelea lina athari hata pale ambapo waya ni mzuri na mkono ni wa bingwa. Chuma kilicho kando ya mshono hubadilika tabia, na mshono wenyewe huacha kona kali ambapo ufa hupenda kuanzia. Tundu la drili hufanya vivyo hivyo. Fremu inaposukumwa kutoka ubavuni, mkunjo mkubwa zaidi hutokea karibu na miguu ya nguzo na karibu na pembe za juu, yaani palepale ambapo wafungaji wa taa, feni, redio na vioo huona pana nafasi nzuri ya kutoboa. Watengenezaji hawazungushi maneno kwenye jambo hili: miongozo yao husema wazi kwamba kuchomelea, kukata, kutoboa au kuongeza uzito bila idhini kunafuta uthibitisho wa fremu.

Kosa linalodanganya kuliko yote ni la mshazari. Mmiliki huona nguzo nne zimesimama wima, akaagiza zifungwe kwa engo za kukingama ili zisiyumbe. Nguzo kweli huacha kuyumba. Lakini nishati ya mpinduko haijapata pa kwenda; nguzo zikikataa kupinda, kazi yote huhamia kwenye bolti na kwenye mabano yanayoshika fremu kwenye chasisi. Bolti zikikatika, kinga nzima hung'oka ikiwa haina mkunjo wowote na kumwacha mtu wazi chini ya mashine. Watazamaji husifu baadaye jinsi fremu ilivyobaki imara.

Jibu la kawaida kwa haya yote ni kwamba mashine fulani ilitobolewa miaka kumi iliyopita na haijatokea kitu. Hoja hiyo haina uzito. Injini hujaribiwa kila asubuhi, breki kila saa, lakini fremu ya kinga inaweza kukaa miaka 20 bila kubeba kitu zaidi ya vumbi, kisha ikatakiwa ifanye kazi yake yote ndani ya sekunde chache. Miaka ya ukimya si ushahidi wa uimara.

Mashariki mwa Uganda pana sababu ya pekee ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Katapila, kama wengi wanavyoiita hata ikiwa ni Komatsu, huweza kusawazisha kiwanja tambarare kando ya ziwa wiki hii, na wiki ijayo ikapakiwa kwenye trela kwenda kufungua barabara Sironko, Bududa au Kapchorwa. Karakana ya kanda ya Wizara ya Ujenzi iko Bugembe, kilomita chache tu kutoka Walukuba, na mitambo inayohudumiwa kwa ajili ya wilaya za mashariki hufika mpaka kwenye mabega ya Mlima Elgon. Udongo wa huko ukishiba mvua husogea wenyewe: Nametsi, wilayani Bududa, ilifunikwa tarehe 1 Machi 2010 na mamia ya watu wakapotea, na Oktoba 2018 maafa yakarudi upande wa Bukalasi. Buldoza inayokata njia kwenye mlima wa namna hiyo hukanyaga ukingo iliouchimba yenyewe. Opereta hawezi kuusoma ukingo huo kwa macho, na ukimmomonyokea hapati muda wa kuruka.

Si lazima kuchagua kati ya mashine isiyoguswa kamwe na opereta asiye na kinga. Mabadiliko mengi yanawezekana, ila huanzia kwenye mizani. Trela lenye mashine likipimwa, kisha likapimwa tupu, tofauti ndiyo uzito wa kweli. Mizani ya Magamaga kwenye barabara ya Jinja kwenda Iganga inajulikana na kila dereva wa lori. Uzito huo wa mashine, pamoja na kila kinachokusudiwa kuongezwa, hulinganishwa na kibati. Ikizidi, mpango unapunguzwa au inatafutwa fremu ya daraja la juu iliyoidhinishwa kwa mashine hiyo. Njia ya tatu haipo.

Baada ya hapo, kanuni ni kuacha nguzo na pembe zake peke yake. Taa na vioo hushikwa kwa kibano kinachozunguka nguzo, chenye mpira ndani, au kwa matundu yenye uzi ambayo kiwanda kiliyaacha kwa kazi hiyo. Kiyoyozi na matangi hukaa juu ya madgadi au nyuma ya kiti. Wavu wa kuzuia matawi na mawe, kama haukutoka kwa mtengenezaji wa mashine, hupewa miguu yake mwenyewe inayosimama kwenye chasisi bila kuegemea nguzo, na lazima uache njia mbili za kutokea, kwa sababu mlango mmoja unaweza kulaliwa na mashine. Kiti hakipandishwi ili opereta aone bamba vizuri zaidi: kichwa chake kikitoka ndani ya umbo lililotumika kwenye kipimo, fremu nzuri inamlinda mtu asiyekuwepo. Bolti za kushikia fremu hubadilishwa kwa bolti za daraja lilelile, 8.8 au 10.9 kama zilivyoandikwa kichwani, na kukazwa kwa spana ya kupima nguvu. Kuzichomelea ili zisilegee ni kuziua. Kazi ya kuchomelea ikifanyika kwingineko kwenye mashine, betri hutenganishwa, na klempu ya ardhi hufungwa karibu na mshono.

Mkanda ni sehemu ya kinga, si pambo. Opereta asiyejifunga hurushwa nje na kukutana na fremu ileile ikiwa inashuka. Waajiri wengi huwalaumu maopereta kwa kuukalia, na maopereta wana kosa lao, lakini mkanda uliooza au uliofungwa kwa waya hauvaliki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 humtwika mwajiri wajibu wa kutoa mtambo salama, na mtambo uliokatwa nguzo hauwezi kuitwa hivyo kwa sababu tu umepakwa rangi mpya ya njano.

Gharama ndiyo kisingizio kinachostahili kujibiwa kwa upole. Fremu mpya ni ghali, na iliyotumika yaweza kukubalika ikiwa imetoka kwenye mashine ya aina ileile, ina kibati chake, haina ufa, mshono wa nyongeza wala mkunjo. Iliyopinda hainyooshwi, kwa moto wala kwa jeki, kwa kuwa uwezo wake wa kupinda ndio ulionunuliwa na umekwisha kutumika. Fremu mbovu inayotolewa hukatwa nguzo zote kwa gesi siku hiyohiyo, kibati kikavunjwa, ndipo vipande vipelekwe kwenye viwanda vya chuma vya Jinja vinavyoyeyusha skrepa, isije ikarudi sokoni ikiwa imepakwa rangi.