NANI AMLINDE MKOPAJI WA JORODOM?

Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Katika nyumba nyingi zilizo chini ya Mlima Hanang matanga yalitangulia, na siku ya kulipa ikawakuta watu wangali msibani. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima ule ulimomonyoka kwa mvua, na tope, mawe na magogo vikashuka juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Jorodom ikiwa miongoni mwao. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nyumba, maduka, mifugo na mashamba vilikwenda na maji. Taifa zima liliitikia msiba ule: majeshi yalikuja kufukua, chakula na blanketi vikaja kutoka kila upande wa nchi, na Serikali ikawajengea nyumba mpya waliokosa makao.

Lakini kimoja hakikuchukuliwa na tope, nacho ni deni. Tuchukue mfano wa mama aliyekopa fedha mwezi Oktoba ili ajaze duka lake la rejareja, au mkulima aliyekopa mbegu na mbolea akitumaini alizeti na mahindi ya msimu uliofuata. Duka limefukiwa na shamba limegeuka changarawe, ila karatasi aliyotia sahihi ingali salama katika kabati la mkopeshaji, na riba yake huongezeka usiku na mchana. Mtu huyu aende kwa nani? Ndilo swali tunalotaka kulijadili leo, kwani halimhusu mkazi wa Jorodom peke yake. Lamhusu mwalimu wa Mbulu, kuli wa bandarini Dar es Salaam, na kila mfanyakazi ambaye mshahara wake huisha kabla ya mwezi kuisha.

Yatupasa kwanza tuseme haki. Nchi hii haikosi sheria. Mwaka 2018 Bunge lilitunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, ambayo kwa mara ya kwanza iliwaweka wakopeshaji wadogo wote chini ya usimamizi. Sheria hiyo imewagawa katika madaraja manne. La kwanza ni benki za huduma ndogo zinazopokea amana za watu. La pili ni makampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana. La tatu ni vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, na la nne ni vikundi vya wananchi wanaochangiana vijijini na mitaani. Madaraja mawili ya kwanza yako mikononi mwa Benki Kuu yenyewe. La tatu limekabidhiwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na la nne limekabidhiwa halmashauri za wilaya, miji na majiji. Mwaka 2019 zikafuata kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, zinazomtaka mkopeshaji aeleze masharti yake waziwazi na ayapokee malalamiko ya mteja.

Mgawanyo huu una busara ndani yake. Gavana wa Benki Kuu hawezi kukijua kila kikundi cha akina mama wanaowekeza chini ya mti huko Hanang. Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri aweza kukijua. Kadhalika diwani hawezi kupima mizani ya benki kubwa. Wataalamu wa Benki Kuu waweza. Kila kazi imepewa mwenye nyenzo za kuifanya. Kasoro tunayoiona iko katika daraja la pili, na daraja hilo ndilo linalomkuta mnyonge mara nyingi kuliko yote.

Huko ndiko walikojaa wale ambao wananchi wenyewe wamewapa majina: "mikopo umiza" na "kausha damu". Majina haya hayakutungwa na wanasiasa. Yametoka kinywani mwa watu waliokaushwa. Kiwango cha juu kilichowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja hili ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Aliyekopa shilingi 200,000 kwa kiwango hicho hudaiwa riba ya shilingi 7,000 katika mwezi wa kwanza. Akiangukia mikononi mwa anayetoza asilimia 30, atadaiwa shilingi 60,000 kwa mwezi uleule na kwa fedha zilezile. Tofauti hiyo ya shilingi 53,000 ni ada ya shule, ni dawa ya mtoto, ni mfuko wa mbolea.

Sasa tazameni jinsi ulinzi ulivyokaa. Mwenye uwezo wa kutoa leseni ya daraja la pili, na wa kuifuta, ni Benki Kuu. Tawi lake lililo karibu na watu wa Hanang na Mbulu liko Arusha, mwendo wa kilomita zaidi ya 200 kutoka Katesh. Mtendaji wa kijiji humwona mkopeshaji akipita na pikipiki kila asubuhi kukusanya fedha, na humwona akibeba godoro na televisheni ya mdaiwa mbele ya watoto. Lakini mtendaji huyo hakukabidhiwa mamlaka juu yake. Mwenye rungu yuko mbali na mwenye macho hana rungu. Katika nafasi iliyo kati yao mnyonyaji amejenga ofisi yake, akaning'iniza na kibao.

Hatusemi kwamba Benki Kuu imelala. Mwezi Novemba 2024 ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya simu yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni, ikayapiga marufuku. Kazi hiyo ilistahili kufanywa na makao makuu, kwani mkopo wa simu hauna kijiji wala wilaya. Mkopeshaji aweza kuwa ng'ambo, na mkopaji yuko Jorodom ameshika simu mkononi. Hakuna halmashauri iwezayo kumkamata mtu wa namna hiyo. Lakini mkopeshaji wa pikipiki ana uso, ana jina na ana mlango, na mlango wake uko katika kata fulani. Kumwachia Benki Kuu peke yake ni kama kumwita mkuu wa polisi wa nchi aje kumkamata mwizi wa kuku.

Katika jambo hili yafaa tujifunze pia kwa wengine, maana ugomvi wa nani amlinde mkopaji, wa juu au wa chini, umeugharimu ulimwengu. Nchini Marekani, ambako serikali kuu na majimbo hugawana madaraka, jimbo la North Carolina lilitunga mwaka 1999 sheria ya kuzuia mikopo ya nyumba ya kinyonyaji, na majimbo mengine yakafuata. Mwaka 2004 ofisi ya serikali kuu inayosimamia benki za taifa iliamua kwamba sheria za namna hiyo za majimbo hazitazihusu benki hizo. Aliye juu akamfunga mikono aliye chini, naye mwenyewe hakuuziba ufa. Mwaka 2008 mikopo mibaya ya nyumba ilipoanguka, ikaangusha benki kubwa na kutikisa uchumi wa dunia nzima. Ndipo mwaka 2010 ilipotungwa sheria mpya iliyounda ofisi maalum ya taifa ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, na kuwaruhusu wanasheria wakuu wa majimbo kuisimamia sheria hiyo pamoja nayo. Mwaka 2025 serikali kuu ya huko ilipoanza kuipunguzia ofisi hiyo nguvu, macho ya wakopaji yaligeukia majimbo. Mafunzo ni mawili. Ulinzi wenye nguzo moja huanguka nguzo hiyo ikitikisika. Na aliye juu aweke kiwango cha chini kabisa cha haki, asimzuie aliye chini kuongeza ulinzi.

Tanzania si nchi ya majimbo, wala hatuombi iwe hivyo. Fedha na benki ni mambo ya Muungano kwa mujibu wa Katiba, na ni vizuri shilingi iwe moja na sheria yake iwe moja. Tunaloomba ni dogo kuliko hilo, nalo lawezekana bila kugusa Katiba: kwamba macho ya kijiji yaunganishwe na mkono wa Benki Kuu.

Wapo watakaosema, basi wapigwe marufuku wote. Hatukubaliani nao. Historia yetu imekwisha kutuonyesha ulinzi wa namna hiyo. Mwaka 1931 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Ilisemwa kuwa ni ya kumwokoa Mwafrika asimezwe na madeni. Matokeo yake ni kwamba Mwafrika mwenye akili na bidii ya biashara alinyimwa mtaji kwa sababu ya rangi yake, akabaki mchuuzi wa barazani huku wengine wakijenga maduka. Kumlinda mtu kwa kumfungia mlango ni kumdhulumu kwa njia nyingine. Mkulima wa Mbulu anahitaji fedha za kununulia mbegu ya vitunguu saumu, na mfugaji wa Hanang anahitaji za dawa ya josho. Benki zikiwa mbali na zikidai hati ya nyumba, mkopeshaji mdogo mwaminifu hufanya kazi ya maana. Huyo naye yafaa alindwe, kwani kila mnyonyaji aachwaye huru humchafulia jina.

Tena mikopo si jambo geni kwa watu wa nyanda hizi. Tangu zamani Wairaqw wamekuwa na desturi ya kuwekeana ng'ombe: asiye na mifugo hukabidhiwa ng'ombe wa mwenzake, akanywa maziwa, akapata mbolea ya shamba, na mnyama akabaki wa mwenyewe. Mwenye mali hakupoteza na mwenye shida alisimama. Kipimo hicho ndicho tungetaka kila mkataba wa mkopo upimwe nacho: je, aliyekopa amesimama, au ameinamishwa?

Kwa hiyo twatoa mapendekezo manne. Kwanza, orodha ya wakopeshaji wote wenye leseni ibandikwe katika kila ofisi ya kata na ya kijiji, kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili, pamoja na kiwango cha juu cha riba. Orodha iliyo katika mtandao haimfai asiye na simu ya kuifungua. Pili, halmashauri za Hanang na Mbulu, na nyingine zote nchini, zipewe uwezo wa kufunga mara moja ofisi ya mkopeshaji asiye na leseni ya Benki Kuu, na kupeleka taarifa Arusha baada ya kufunga. Tatu, malalamiko yapokelewe katika kata. Utaratibu uliopo wamtaka mlalamikaji aanze kwa mtoa huduma mwenyewe, na asiporidhika ndipo aende Benki Kuu. Ni utaratibu wa haki kwa mtu wa mjini mwenye kalamu na nauli. Kwa mjane wa kijijini, afisa wa kata na aandike, apeleke, na arudi na jibu katika muda uliowekwa. Nne, iwekwe kanuni inayojulikana mapema kwamba mahali palipotangazwa kupatwa na maafa, riba na adhabu za ucheleweshaji zitasimama kwa miezi kadhaa kwa kila mkopeshaji mwenye leseni. Mkopaji asiachwe aombe huruma ya mtu mmoja mmoja akiwa bado anatafuta maiti wa nduguze.

Na kwenu, ndugu wafanyakazi, tuna neno. Sheria imeweka kanuni kwamba makato hayawezi kummaliza mtumishi mshahara wote. Abaki walau na theluthi moja. Lakini wapo kati yetu wanaomkabidhi mkopeshaji kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Mtu huyo ameuvunja ukuta uliojengwa kumkinga, na mwisho wa mwezi husimama foleni kumwomba mkopeshaji fedha za kula kutoka katika mshahara wake mwenyewe. Kadi ni mkono wako. Usiuweke rehani. Dai uone leseni kabla ya kuona fedha, dai nakala ya mkataba katika lugha unayoijua, na ukikopa kwa haki, lipa kwa haki, maana dawa ya deni ni kulipa. Na ukimwona jirani akinyang'anywa godoro bila amri ya mahakama, usifunge dirisha. Toa taarifa.

Viongozi wa vijiji na madiwani nao wasijifiche nyuma ya maneno "hilo ni la Benki Kuu". Kutoa leseni ni kazi ya Benki Kuu. Kusema ukweli juu ya kinachotendeka kijijini ni kazi ya kiongozi wa kijiji, wala hakuna kanuni inayomkataza.

Mlima Hanang ulipomomonyoka hakuna aliyeuliza kama kufukua ni kazi ya Serikali kuu au ya halmashauri. Kila mwenye jembe alilishika. Deni la kinyonyaji nalo ni tope, ingawa hushuka polepole na halipigiwi picha. Wakaao juu na wakaao chini washike majembe.