Mu mugodi tunahesabiwa, ku meli nani anatuhesabia?

Wandugu wa kazi, na ninyi wamama wa kambi, konje iko karibu. Kila mwaka masomo yakifungwa, familia nyingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi zinafunga mizigo kwenda kuona wazazi ku Tanganyika. Hawaendi wawili tu. Kuko nkambo, kuko shangazi, kuko watoto wa kaka aliyekufa. Watu kumi, watu kumi na mbili. Treni au lori inawafikisha Kalemie, na pale inabaki meli ya kwenda Moba ao Uvira. Leo nasema juu ya ile meli, na juu ya jambo moja tunalofanya vibaya: namna tunavyonunua kabina.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kumi imepita. Tulikuwa watu kumi na mmoja, tunaenda Uvira. Nilifika ku biro siku moja tu mbele ya safari. Kijana aliyeuzisha tikiti akanipa karatasi ine za kabina ine. Nikamuuliza kama ziko pamoja. Akajibu: "Baba, kabina ni kabina. Kulala njo kulala." Nikacheka, nikalipa.

Kumbe moja ilikuwa juu, daraja ya kwanza, na dirisha. Ile nikajichukulia mimi, juu nilikuwa nimetoka ku posti ya usiku ya miezi miwili, na nilijiona nina haki ya kupumzika. Bibi yangu na watoto wadogo walikuwa nyuma kabisa. Nkambo na binti mukubwa walikuwa chini, karibu na motere, mu joto na harufu ya mazuti. Wengine walikuwa mbele, kando ya magunia.

Usiku upepo wa kusini ukaamuka. Kijana wetu wa miaka sita akasikia kiu, akafungua mulango, akaenda kutafuta baba yake. Mama yake alipoamuka, kitanda kilikuwa kitupu. Hakujua mulango wangu. Akagonga ku milango ya watu asiowajua, anaita jina langu mu giza. Tulimukuta mutoto mbele ya mapambazuko, amelala nyuma ya magunia ya ndagala, hatua mbili na ukingo wa meli, na pale ukingo ulikuwa paka munyororo. Bibi yangu hakunisemesha neno mpaka Uvira. Alikuwa na haki.

Tangu ile siku ninajiuliza swali moja. Sisi watu wa chini ya ardhi, hatushuki bila kuhesabiwa. Kila mutu anachukua taa yake na jetoni yake yenye namba. Posti ikiisha na jetoni moja haijarudi, kapita haendi kwake: anatafuta mutu. Hakuna anayesema "mugodi ni mugodi". Tunajua nani alikuwa kando ya nani, ku kona gani. Sasa, juu ya nini tunapopeleka watoto wetu mu maji tunawatawanya kama mizigo, na hakuna anayejua nani analala wapi?

Na yale maji si ya kuchezea. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zaidi ya 650, na kina chake kinapita metre 1.400. Mu kiangazi, wakati wa konje yetu, njo wakati upepo wa kusini unavuma kwa nguvu. Tena tukumbuke Goma. Mwezi wa kumi 2024, meli MV Merdi, iliyotoka Minova, ilizama mu ziwa Kivu mbele ya bandari ya Kituku, watu wakiwa wanatazama. Kisha hesabu za waliokuwa ndani zilipishana, juu wengi hawakuandikwa. Familia zilisimama ku mwambao zinatafuta majina yasiyokuwa ku karatasi yoyote.

Wengine watasema: "Wee muzee, mambo ya kabina ni ya wenye makuta." Hapana. Kabina mbili zinazopakana na kabina mbili zilizo mbali, kama ziko daraja moja, bei ni moja. Kinachopita ni wakati. Mwenye kufika mapema anapata pamoja, mwenye kufika nyuma anapata mabaki. Na kama makuta inatosha kidogo, bora wote walale daraja ya pili kuliko baba daraja ya kwanza na mama na watoto juu pa wazi. Kama hakuna kabina hata moja, muchague pahali pamoja, mutandike mikeka pamoja, mutu mukubwa alale ku kila pembe.

Mukifika ku biro, muombe waonyeshe mupango wa vyumba. Musikubali karatasi bila namba. Kila kabina iwe na mutu mukubwa mumoja. Nkambo awekwe karibu na ngazi na choo, katikati ya meli, juu pale meli inayumba kidogo kuliko mbele na nyuma. Majina yote yaandikwe, hata ya mutoto wa mugongoni, vile yanavyoandikwa ku karatasi zake. Mukiingia, muhesabu jile za kuelea mbele ya kuhesabu mizigo, na muulize kama kuko za watoto.

Kwa wenye meli nina ombi moja. Mutu anayenunua tikiti kumi si wanunuzi kumi, ni familia. Mumuandikie karatasi moja, mumupe milango inayofuatana. Haiwagharimu hata franka.

Na kwa wakubwa wa makampuni yetu nina neno kali kidogo. Munatupa tarehe ya konje juma moja mbele, mara ingine siku tatu. Kisha tunakimbia, tunanunua kile kilichobaki, watoto wetu wanalala mahali tusipopajua. Mufanyakazi akijua tarehe yake miezi miwili mbele, atapanga vizuri, na atarudi ku kazi akiwa amepumzika kweli. Wajumbe wetu wa sendika waliandike ile jambo ku mukutano unaokuja.

Yule kijana wangu leo ana miaka kumi na sita. Mwaka uliopita tulipanda tena, kabina tatu zilizofuatana, zote daraja ya pili. Mbele ya kulala alipita yeye mwenyewe ku kila mulango, akagonga, akahesabu kwa sauti. Kumi na mmoja. Kisha akakuja kuniambia: "Baba, tuko wote." Ile usiku nililala kuliko vile nilivyolala mu ile kabina ya dirisha.