Makohozi yasipoonyesha kifua kikuu, kuvu nayo ipimwe

Mgonjwa wa kikohozi cha muda mrefu anapofika hospitalini Lodwar au Kakuma, linaloshukiwa kwanza ni kifua kikuu. Si kosa. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, ina msongamano unaoeneza maradhi hayo.

Taabu huanza pale mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) Desemba 2010, inapoonyesha kwamba makohozi hayana viini hivyo, ilhali mgonjwa anazidi kukonda na kutema damu. Si ajabu akaandikiwa dawa zile zile.

Huenda ni kuvu iitwayo Aspergillus. Mbegu zake huelea hewani, hasa penye nafaka iliyovunda au ukuta uliolowa, kisha humea katika mashimo yaliyoachwa mapafuni na kifua kikuu. Yaani hata aliyepona kifua kikuu hayuko salama.

Kipimo kimoja hakitoshi. Damu hupimwa kingamwili, lakini sote twavuta mbegu hizo kila siku. Sharti jibu hilo liafikiane na picha ya kifua na dalili za miezi 3 au zaidi. Kupima kuta za nyumba, kama wafanyavyo baadhi ya Wamarekani, hakuthibitishi ugonjwa wa mtu.

Oktoba 2022, WHO iliiweka Aspergillus fumigatus katika kundi la kuvu hatari zaidi. Serikali ya Kaunti ya Turkana, yenye dhamana ya hospitali tangu 2013, yafaa ianze na waliomaliza dawa za kifua kikuu na bado wanakohoa. Majina yao yamo tayari katika madaftari ya kliniki.